Mdudu wa maji au mende? Mtazame kwanza, patapata baadaye

Wiki ya pili ya Aprili, mvua ikinyesha tangu alasiri, Mama Shiru wa mlango wa nne alipiga ukemi ulionitoa kitandani. Nilipofika koridoni nilimkuta amepanda kiti cha plastiki, patapata moja mkononi, nyingine mguuni. Chini ya taa ya usalama, kando ya ndoo ya kudekia, alilala mdudu wa kahawia, bapa kama kokwa ya embe iliyokauka. Hakusogea. Nilifikiri amekufa.

"Huyu si mende," nikasema.

"Kama si mende basi ni jini," Mama Shiru akajibu. "Mwondoe, jirani, tafadhali."

Mzee Musyoka, keateka wetu, alikuwa ameshafika na dawa yake ya kupuliza. Aliinama, akatazama, akatikisa kichwa. "Hii ni mende ya mtaro. Zimejaa huko chini kwa chemba. Kesho tuite watu wa fumigesheni."

Nilimfunika mdudu kwa bakuli, nikaweka kiberiti kando ili nimpime. Alikizidi kiberiti kwa upana wa kidole. Lakini asubuhi neno la keateka ndilo lililoshinda. Kila nyumba ikachanga shilingi 1,500, wakaja vijana wawili na tangi la mgongoni, wakapuliza koridoni, ngazini na kwenye chemba ya uani. Jikoni kwa Mama Shiru hawakukaa hata dakika tatu. Wiki moja baadaye mende wadogo walikuwa bado wanatembea juu ya trei yake ya mayai, na mimi, ambaye sikuwa nao, nikaanza kuwaona chini ya sinki langu.

Tulikuwa na wadudu wawili tofauti katika ploti moja, tukamlipia mgeni na kumwacha mwenyeji. Kosa hilo hufanyika Nairobi kila msimu wa mvua, na dakika mbili za kutazama zingetosha kuliepusha. Kwa hiyo hapa nawaweka bega kwa bega: mdudu wa maji, mende mkubwa wa mitaroni, na mende mdogo wa jikoni. Nimeongeza huyu wa tatu kwa makusudi, kwa maana watu wakilinganisha mdudu wa maji na mende husahau kwamba hata mende wenyewe si kabila moja.

Majina ndiyo yanayotuponza

Mende na kombamwiko ni mdudu mmoja. Jina la pili nalipenda zaidi kwa sababu linamshika akiwa kazini: anayekomba mwiko, anayelamba mabaki ya ugali watu wakishalala. Sasa, huyu mkubwa wa usiku wa mvua, wengi humwita mende wa maji, na hapo ndipo fundi anapopata ruhusa ya kuleta dawa ya mende.

Ukitafuta msaada kwenye intaneti mambo huzidi kuvurugika. Marekani, watu wengi wakisema mdudu wa maji humaanisha mende, tena mende mkubwa wa bafuni, kwa kuwa hakuna anayependa kukiri mbele ya wageni kwamba ana mende. Kwa hiyo utasoma ushauri mrefu wa mdudu wa maji kumbe unahusu kombamwiko, uuchukue vile ulivyo, uutumie kwa kiumbe ambaye hajawahi kuonja mwiko wa mtu.

Kiukoo hawako karibu kabisa. Mdudu wa maji wa kweli yuko katika kundi moja na kunguni, yaani wadudu wenye mdomo wa kudunga na kufyonza. Mende ana taya za kutafuna, na ndugu yake wa karibu ni mchwa. Ndiyo, mchwa. Wanasayansi siku hizi huwaweka mchwa ndani ya kundi la mende, kama tawi lililojifunza kuishi kwa jumuiya. Wale kumbikumbi wanaorundikana kwenye taa yako usiku uleule wa mvua wana undugu wa karibu zaidi na mende kuliko huyo uliyemfunika kwa bakuli.

Mkiwa mmemfunika, angalieni haya

Bakuli linaloonyesha ndani ni bora. Tochi ya simu inatosha.

Anza na kichwa. Mende ana vipapasio viwili vyembamba, virefu kama mwili wake au zaidi, na havitulii: hupapasa, huchunguza, hupungia hewa. Mdudu wa maji utadhani hana kabisa. Anavyo, ila ni vifupi na vimefichwa kwenye vijishimo chini ya kichwa, nyuma ya macho. Kama huoni vipapasio, karibu umeshapata jibu. Badala yake utaona macho makubwa meusi na, ukiinua bakuli kidogo upande mmoja (kidogo!), mdomo mfupi mnene uliokunjwa chini kama ncha ya sindano ya gunia.

Kisha miguu ya mbele. Ya mende ni ya kukimbilia, sawa na mingine, yenye miiba miiba. Ya mdudu wa maji imenenepa juu na kuishia kwa ndoana, naye huikunja mbele ya uso kama bondia. Hiyo ni mikono ya kukamatia. Miguu yake ya nyuma ni bapa, imeota nywele pembeni, nayo ni makasia. Ndiyo sababu akiwa juu ya sakafu ya saruji hutambaa kwa taabu kama mtu aliyevaa viatu vya kuogelea, wakati mende angekuwa ameshapotea chini ya mlango. Kasi ya yule mende mkubwa ilipimwa mwaka 1991 katika maabara: mita 1.5 kwa sekunde, urefu wa mwili wake mara 50 kila sekunde. Mdudu mkubwa aliyelala palepale wakati watu watatu wanabishana juu yake si mende.

Mgongoni, mbawa za mdudu wa maji hupishana na kuchora alama kama X, nusu ya juu ikiwa ngumu kama ngozi na ncha zikiwa laini kama nailoni. Mbawa za mende hulala moja juu ya nyingine bila alama hiyo. Nyuma kabisa, mdudu wa maji ana vijimkia viwili vifupi anavyoweza kuvivuta ndani. Ni mrija wake wa kupumulia: hukaa kichwa chini kwenye maji, akatoa ncha ile juu, akavuta hewa na kuiweka akiba chini ya mbawa. Mende naye ana vijimkia viwili, lakini vimetanuka kando na kazi yake ni kuhisi upepo wa kiganja chako kinapoteremka. Ndiyo sababu unamkosa.

Ukubwa ni ushahidi dhaifu, ila husaidia. Mende mdogo wa jikoni ana milimita 13 hadi 16, urefu wa punje kubwa ya maharagwe. Mende wa mitaroni hufika sentimita nne hivi. Wadudu wa maji wako wa namna nyingi, wengine wadogo kuliko mende, lakini wale wanaopandisha watu juu ya viti huanzia pale mende mkubwa anapoishia.

Kati ya mende wawili hao kutofautisha ni rahisi. Mdogo ana rangi ya chai ya maziwa, na kwenye ngao iliyo nyuma ya kichwa ana mistari miwili myeusi iliyokwenda sambamba. Mkubwa ni mwekundu-kahawia, anang'aa kana kwamba amepakwa vanishi, na ngao yake ina ukingo wa manjano. Usidanganywe na umri: mtoto wa mende mkubwa anaweza kulingana na mende mdogo mzima. Tafuta ile mistari miwili.

Mgeni: anatoka wapi na anataka nini

Jiji hili lilianza mwaka 1899 kama kituo cha reli penye kinamasi, na jina lenyewe ni la Kimaasai, la maji baridi. Kinamasi tulikifukia, tukakijengea, lakini Mto Nairobi na Mto Ngong bado vinapita, Bwawa la Nairobi lipo, na kila mvua ndefu mashimo ya machimbo na viwanja vitupu hugeuka vidimbwi. Mdudu wa maji anaishi humo. Maji yanapofurika au kukauka yeye hupanda hewani usiku kutafuta mahali pengine, na hapo hukutana na taa zetu.

Taa ndiyo inayomleta. Tazama chini ya zile nguzo ndefu za mulika mwizi asubuhi baada ya mvua ya Aprili au Novemba, utawapata wamekanyagwa na bodaboda. Lami iliyolowa na paa la gari linalong'aa pia huwahadaa, kwa sababu wadudu wa majini hutambua maji kwa jinsi mwanga unavyoakisiwa. Huteremka wakidhani wamefika bwawani, wakaangukia gari la mtu.

Nyumbani kwako hana anachotafuta. Hali unga, hali sukari, hali karatasi. Ni mwindaji: viluwiluwi vya vyura, samaki wadogo, wadudu wenzake, mabuu ya mbu. Hushika kwa ile mikono ya bondia, hudunga, humwaga mate yanayoyeyusha nyama ndani ya windo, kisha hufyonza supu. Wapo jamaa wa ukoo wake hapa Afrika wanaoishi kwa kula konokono wa majini, na kati ya konokono wa majini wamo wanaosambaza kichocho. Mtu wa Mwea, kwenye mashamba ya mpunga yaliyojaa maji, angekuwa na sababu ya kumtakia maisha marefu.

Na kuna jambo moja linalonifanya nimhurumie. Katika jamii nyingi za wadudu hawa, jike hugandisha mayai mgongoni mwa dume, mengine yakizidi mia moja, kisha huenda zake. Dume huyabeba wiki moja hadi tatu, hawezi kuruka vizuri, kila mara hupanda juu ya maji na kujitikisa ili mayai yapate hewa. Katika jamii nyingine, wale wakubwa zaidi, mayai huwekwa kwenye shina la mmea juu ya maji, na dume hupanda na kushuka kuyalowesha yasikauke. Baba anayelea peke yake si jambo la kawaida kwa wadudu. Ukipata mmoja kidimbwini ambaye mgongo wake unaonekana umepandwa punje za mtama, ni baba huyo. Mwache.

Hapa koridoni hawezi kuzaa. Bila maji atakufa baada ya muda mfupi. Hakuna kiota chake chini ya chemba, hakuna mayai yake nyuma ya kabati, na dawa yoyote utakayopuliza siku ya pili haitamkuta.

Wenyeji wawili

Mende mkubwa anaitwa wa Marekani katika vitabu, lakini asili yake ni huku kwetu. Alivuka bahari katika meli kutoka Afrika, na katika karne ya 17 alikuwa ameshafika upande wa pili. Mdogo anaitwa wa Ujerumani kwa sababu Linnaeus, yule mwanasayansi wa Uswidi aliyevipa viumbe majina, alimpa jina hilo mwaka 1767. Utafiti wa vinasaba uliotoka mwaka 2024 ulionyesha kwamba alitokana na mende wa Asia yapata miaka 2,100 iliyopita, huko India au Myanmar. Wote wawili wanatembea na pasipoti za kughushi.

Tofauti inayokuhusu wewe ni mahali wanapolala. Mkubwa anapenda joto na unyevu, na Nairobi iko juu, karibu mita 1,700 na zaidi, usiku wa Julai unajua mwenyewe ulivyo. Kwa hiyo yeye hukaa ndani ya ardhi: kwenye chemba, kwenye shimo la maji taka, kwenye mabomba. Mtu aliyetoka Mombasa atakucheka ukimwambia una mende wakubwa, maana kule wanaruka sebuleni. Huku hupanda mmoja mmoja, usiku, kupitia bomba la choo au la sakafu ya bafu.

Hapo pana siri ndogo inayostahili kujulikana na kila mpangaji. Bomba la sakafuni lina kona inayoshika maji, na maji hayo ndiyo kizibo kinachozuia harufu na mende. Ukienda ushago Desemba, ukakaa wiki tatu, maji yale hukauka na mlango unabaki wazi. Unarudi Januari na kukuta mende wawili wakubwa kwenye beseni, unalaumu jirani. Mwaga ndoo ya maji kwenye kila bomba siku ya kuondoka, ufunike kwa kifuniko chochote kizito. Tatizo limepungua nusu bila hata shilingi.

Mdogo hatokani na mtaro. Yeye huletwa na mtu: ndani ya katoni ya supamaketi, trei ya mayai, friji uliyouziwa na aliyehama, redio iliyotoka kwa fundi. Akifika hutafuta joto, chakula na ufa mwembamba, vyote pamoja, na mahali penye vyote vitatu ni nyuma ya friji, pale mota inapounguruma. Baridi ya Nairobi haimhusu, kwa sababu friji yako inampa hali ya hewa ya Mombasa mwaka mzima. Ana mbawa lakini hazitumii kuruka. Akiruka ujue si yeye.

Na hesabu yake ndiyo ya kutisha. Mende mkubwa hutaga kifuko chenye mayai 14 hadi 16, hukibandika mahali na kukiacha, na watoto huchukua miezi sita hadi mwaka au zaidi kukomaa. Mdogo hubeba kifuko cha mayai 30 hadi 40 mkiani mwake mpaka karibu siku ya kuanguliwa, hivyo yako salama popote aendapo, na watoto wakipata joto la kutosha wanakomaa kwa takriban miezi miwili. Ukimuona mkubwa mmoja, pengine ni mmoja kweli. Ukimuona mdogo mmoja mchana, kwenye mwanga, maana yake huko ndani wamekosa nafasi.

Nani hasa wa kuogopwa

Mdudu wa maji huuma. Sitakuficha, kwa sababu usiku ule, baada ya kusema kwa kujiamini kwamba amekufa, nilimgusa kwa kidole. Wadudu hawa hujifanya wafu wakishikwa au wakitishwa, hukauka kama kipande cha mti, kisha huzinduka. Alinipata kwenye nyama ya kidole gumba. Maumivu yalikuwa kama ya msumari wa moto uliosukumwa polepole, yakapanda hadi kiwiko, nikanawa kwa sabuni na maji baridi huku Mama Shiru, ambaye sasa alikuwa ameshuka kwenye kiti, akiniuliza kama bado nadhani si jini. Kidole kilivimba, na baada ya saa chache kikatulia. Kwa kawaida ndivyo huishia: maumivu makali, madhara madogo. Haambukizi ugonjwa, wala hamfuati mtu. Huuma akibanwa.

Mende kwa kawaida haumi mtu. Madhara yake hayapigi ukemi. Anatoka mtaroni au kwenye pipa la taka, anapita juu ya ubao wa kukatia mboga, na miguu yake na kinyesi chake hubeba vijidudu vya kuharisha, Salmonella ikiwemo. Na ngozi anazozivua, na kinyesi kilichokauka, huwa vumbi linaloamsha pumu, hasa kwa watoto. Shiru ana pumu. Alikuwa akikohoa usiku tangu Januari, mama yake akilaumu baridi na moshi wa jirani anayechoma mahindi. Sisemi mende pekee ndio sababu. Mimi si daktari. Nasema tu kwamba katika jiko lile kulikuwa na mende wengi, na katika koridoni kulikuwa na mdudu mmoja wa maji, na sote tulikimbilia koridoni.

Basi ufanye nini, kwa yupi

Ukithibitisha ni mdudu wa maji, hakuna dawa ya kununua. Bakuli juu, katoni gumu chini, mbebe ukamwage kwenye majani au kidimbwi mbali na taa. Usitumie vidole. Punguza taa ya nje usiku wa mvua, au weka balbu ya manjano badala ya nyeupe kali, maana wadudu huvutwa zaidi na mwanga mweupe na wa buluu. Ziba nafasi chini ya mlango kwa kitambaa. Katika nchi za Thailand na Vietnam angeuzwa sokoni, maana kule huliwa na harufu yake hukoleza mchuzi. Mama Shiru alipoambiwa hayo aliomba tubadilishe mazungumzo.

Ukithibitisha ni mende mkubwa, shughulika na mabomba. Wavu kwenye tundu la sakafu, maji kwenye kona, kifuniko cha chemba kisicho na ufa, mzunguko wa bomba uliozibwa kwa saruji pale linapoingia ukutani. Hapa keateka ni muhimu kuliko fundi wa dawa. Mkipuliza ndani ya chemba bila kuziba, wengine watapanda kutoka kwa jirani wiki ijayo.

Mdogo ndiye mwenye kazi. Ushauri wangu, na ninausema kwa ukali kidogo: acheni kupuliza. Dawa ya kupuliza huua wanaoonekana na kutawanya waliofichika. Wakati nyumba moja inapopulizwa, wanafuata mabomba na nyaya hadi nyumba ya pili. Ndivyo walivyofika kwangu. Chukua dawa ya jeli ya mende, ile ya bomba la sindano, uweke vitone vidogo kama kichwa cha kiberiti kwenye bawaba za kabati, nyuma ya friji, chini ya sinki, pembeni mwa soketi. Vitone vingi vidogo vinashinda bonge moja. Wakila hurudi kufia mafichoni, na wachanga, ambao hula kinyesi cha wakubwa, hupata sumu hiyohiyo kwa njia hiyo. Ukipuliza juu ya jeli umejihujumu: hawataigusa.

Rudia baada ya wiki mbili au tatu, kwa sababu mayai yaliyokuwa kwenye vifuko wakati wa raundi ya kwanza yatakuwa yameanguliwa. Wakionekana kuikwepa jeli, badilisha aina. Wako mende wadogo waliozaliwa wakiuonja utamu wa glukosi kama uchungu. Lilitambuliwa jambo hilo mwanzoni mwa miaka ya 1990, baada ya miaka mingi ya kuwategea kwa chambo chenye sukari, na mwaka 2013 watafiti wakaeleza jinsi ulimi wao, tuuite ulimi, unavyofanya hivyo.

Kuhusu yule muuzaji wa kipaza sauti anayepita akiimba dawa ya panya, mende, kunguni, viroboto: sina ugomvi naye, mjini kila mtu anatafuta riziki. Lakini unga usio na lebo na chaki ya kuchora ukutani sivitaki jikoni penye mtoto. Dawa ya wadudu inayouzwa kihalali Kenya huwa imesajiliwa na bodi ya serikali ya kudhibiti viuatilifu, PCPB, na namba ya usajili iko kwenye lebo. Isipokuwepo, hujui unampa mtoto nini anapotambaa.

Na kabla ya yote, vuta friji. Vuta kabisa, hadi katikati ya jiko. Tulipovuta ya Mama Shiru tulikuta madoa meusi kama kahawa iliyomwagika kwenye pembe ya ukuta, maganda ya vifuko, kijiko kilichopotea tangu Krismasi, na katoni iliyokunjwa iliyowekwa kusawazisha mguu wa friji. Ndani ya mikunjo ya katoni ile walikuwa wamejaa kama abiria wa matatu ya saa kumi na mbili jioni. Tuliitia kwenye mfuko, tukaufunga, tukautoa nje, tukaosha kwa maji ya moto na sabuni, tukaweka kipande cha kigae mahali pa katoni. Kisha jeli.

Tuliweka pia mitego ya gundi mitatu, si kwa kuwaua bali kwa kuwahesabu, nami nikawahesabu kila Jumapili kwa kalamu kwenye mlango wa kabati: 41, 17, 6, 2. Kwangu chini ya sinki walikuwa saba wiki ya kwanza, kisha hawakuonekana tena.

Novemba, mvua ndogo ikiwa imeanza, saa nne usiku, simu ikalia. Ni Mama Shiru. "Jirani, nimemfunika kwa sufuria ya glasi. Hana vipapasio na amekunja ngumi. Ni yule rafiki yako, ama?" Nikamwambia ndiye. "Basi sikuiti," akasema. "Nitafutie tu katoni gumu, niko nayo ile ya unga lakini imelowa."